Vinu vya Upepo vya Uholanzi Msimu wa Mapukutiko: Mwongozo Kamili wa Kuvikuta Vikifanya Kazi kwa Safari ya Siku Moja

Malalamiko ni yaleyale kila mwaka. Mtu anapanda treni Amsterdam, anashuka kwenye vinu vya upepo, anapiga picha, anarudi. Ukimuuliza kile kinu kilikuwa kinafanya kazi gani, hajui. Mabawa yalikuwa yamesimama, au mlango ulikuwa na kufuli, au aliingia dakika kumi kabla ya kufungwa, akapanda ngazi moja na kushuka. Picha anazo. Kinu hakukiona.

Chanzo ni kimoja: watu hupanga safari hii kwa tarehe, na kinu hakina habari na tarehe. Kinafuata upepo, na kinamfuata fundi wake. Mmoja wao asipokuwepo, unachokitazama ni jengo tu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na upepo na fundi, na mambo mengine yote yanafuata nyuma yao.

Nimeupanga juu ya Zaanse Schans, kaskazini kidogo ya Amsterdam, kwa sababu pale kwa miguu tu unafikia kinu kinachopasua magogo, kinachokamua mafuta, kinachosaga rangi na kinachosaga nafaka. Msimu wa mapukutiko, yaani Septemba hadi Novemba, nao una faida yake. Upepo huwa wa kutumainika zaidi kuliko wa kiangazi, msongamano umepungua, na baridi bado haijawa kali. Kasoro yake ni mchana mfupi, nayo tutaipangia.

## Vitu vya kuandaa

- Kadi ya benki ya kugusa, moja kwa kila mtu mzima. Kwenye treni za Uholanzi unagusa kadi kwenye mashine ya stesheni unapoingia, na unaigusa tena unapotoka. Watu wawili hawawezi kutumia kadi moja. Ukisahau kugusa wakati wa kutoka, utakatwa zaidi ya nauli yako.
- Sarafu chache za euro. Vinu vingi vinaendeshwa na watu wa kujitolea, na mlangoni kuna kisanduku cha mchango.
- Koti lisilopitisha upepo wala mvua, lenye kofia. Mwavuli uache nyumbani. Kwenye tuta la mto, upepo unaotosha kuzungusha kinu utaugeuza nje ndani.
- Viatu vya soli inayoshika. Mbao za nje zina ukungu wa kijani msimu huu, na zikilowa zinateleza kama sabuni.
- Mkoba mdogo wa mgongoni. Ngazi za kinu zinataka mikono yote miwili.
- Nguo zisizoning'inia. Skafu ndefu, kamba za kofia, khanga au mtandio wenye ncha ndefu: vyote vichomekwe ndani ya koti kabla ya kuingia. Gia haziachi kitu zikishakishika.
- Programu ya hali ya hewa inayoonyesha kasi ya upepo kwa kipimo cha Beaufort na uelekeo wake. Taasisi ya hali ya hewa ya Uholanzi, KNMI, hutoa taarifa hizo na tahadhari za dhoruba. Kwa mvua, Buienradar inaonyesha wingu linafika saa ngapi.
- Plagi za masikio kwa watoto wadogo. Sababu utaisikia kwenye kinu cha mafuta.
- Chai ya chupa na chakula. Kukatiza siku kutafuta mgahawa ndiko kunakokula mchana wako.

## Hatua ya 1: Tenga siku mbili, utumie moja

Chagua siku mbili zinazofuatana, au Jumamosi mbili, na usiamue mapema ni ipi. Hapa ndipo safari nyingi huharibika: mtu ameshaahidi watu wanane kwamba ni tarehe 12, na tarehe 12 jani halitikisiki.

Ukiweza, mojawapo iwe Jumamosi. Mafundi wa kujitolea wana kazi zao za wiki, kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku yao ya kinu karibu nchi nzima. Wapo wengi: chama chao kilianzishwa mwaka 1972, na mtu hasajiliwi mpaka amefunzwa na kufanyiwa mtihani. Wikendi ya pili ya Septemba ni nzuri kuliko zote, kwa sababu ndiyo siku za majengo ya kihistoria kufungua milango Uholanzi nzima, na vinu vingi ambavyo kwa kawaida hufungwa hufunguliwa.

Angalia pia jua linazama saa ngapi. Katikati ya Oktoba linazama kama saa 12 na dakika 40 jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na kuanzia hapo mchana unakatika ghafla: mwanzoni mwa Novemba jua linazama saa 11 na dakika chache, na katikati ya mwezi huo ni saa 11 kasorobo. Mimi niliwahi kufika Novemba saa 9 na nusu alasiri nikijiona nimewahi. Nilivuka daraja, na kinu cha kwanza fundi alikuwa tayari anafunga breki.

Ukiikosa wikendi hiyo ya Septemba, ushauri wangu wa moja kwa moja ni huu: wiki ya mwisho ya Septemba hadi wiki ya tatu ya Oktoba.

## Hatua ya 2: Soma upepo jioni ya kuamkia safari

Fungua utabiri saa 2 au 3 usiku na uangalie kasi ya upepo kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni ya kesho yake. Tumia kipimo hiki:

- Beaufort 0 hadi 2: usiende. Mabawa yakigeuka, yatageuka kwa adabu tu, bila nguvu ya kufanya kazi.
- Beaufort 3, kilomita 12 hadi 19 kwa saa: mabawa yatageuka yakiwa yamefunguliwa matanga yote, yaani vitambaa vinavyotandikwa juu ya mabawa. Kazi nyepesi inawezekana.
- Beaufort 4 na 5, kilomita 20 hadi 38 kwa saa: hii ndiyo siku yako. Nenda.
- Beaufort 6, kilomita 39 hadi 49: nzuri lakini ya kibabe. Fundi atakunja matanga, na huenda baraza za nje zikafungwa kwa wageni.
- Beaufort 7 na kuendelea, au KNMI ikitoa tahadhari ya rangi ya machungwa au nyekundu: baki nyumbani. Fundi mwenye akili atasimamisha kinu, na treni nazo zitayumba.

Angalia pia mivumo ya ghafla. Upepo wa 5 unaovuma sawasawa ni bora kuliko wa 4 unaoruka hadi 7 kila dakika kumi, kwa sababu breki ya kinu ni pete ya vipande vya mbao inayolibana gurudumu kubwa la mbao. Kuikaza kwa ghafla wakati mabawa yana kasi kunazalisha moto. Fundi anajua hilo, na siku ya mivumo ya namna hiyo atakataa kufungua.

Umeifanya vizuri hatua hii ukilala ukijua mambo mawili: kasi ya upepo na unatoka upande gani. Uelekeo utauhitaji kwa picha.

## Hatua ya 3: Hakikisha kuna mtu kinuni

Eneo la Zaanse Schans kuwa wazi si sawa na vinu kuwa wazi. Kila kinu kina ratiba yake, na kuanzia Novemba vingi hupunguza siku au saa. Fungua ukurasa wa kila kinu unachokitaka, si ukurasa wa jumla wa eneo, uangalie siku hiyohiyo unayokwenda. Masharti ya kiingilio nayo hubadilika, kwa hiyo yasome hapohapo.

Majina ya kutafuta ni haya manne: Het Jonge Schaap (mbao), De Zoeker (mafuta), De Kat (rangi) na De Bleeke Dood (nafaka). Kukiwa na namba ya simu, piga asubuhi. Waholanzi wengi wanazungumza Kiingereza, lakini sentensi moja ya Kiholanzi hufungua moyo wa fundi: *Draait de molen vandaag?* Maana yake, kinu kinageuka leo? Jibu la ndiyo ni *ja*. Ukisikia *gesloten*, kimefungwa. *Geopend*, kiko wazi.

Ukipata vinu viwili vilivyothibitishwa, safari ina maana. Ukipata kimoja, tumia siku yako ya pili.

## Hatua ya 4: Ondoka asubuhi, na ushuke stesheni sahihi

Amsterdam Centraal panda treni ya vituo vyote inayokwenda upande wa Uitgeest. Shuka Zaandijk Zaanse Schans. Safari haifiki nusu saa.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kushuka Zaandam kwa sababu jina linafanana. Zaandam ni mji wenyewe, na vinu viko mbali na stesheni yake. La pili ni kupanda treni ya haraka, ambayo haisimami Zaandijk kabisa. Soma ubao wa treni, usimfuate mtu mwenye kamera.

Angalia ratiba asubuhi hiyohiyo. Msimu huu majani hupondwa juu ya reli na kuzifanya ziteleze, treni zikachelewa, na matengenezo ya njia nayo huwekwa wikendi. Lenga kushuka saa 3 na nusu asubuhi. Mara nyingi harufu ya kakao itakupokea stesheni. Viwanda vya kakao viko jirani, kando ya mto uleule wa Zaan.

Tembea kuelekea mtoni, kama robo saa. Kabla ya daraja utakiona De Bleeke Dood, kinu cha nafaka cha mwaka 1656, ambacho jina lake maana yake ni Mauti Iliyopauka. Kama kiko wazi na kinageuka, ingia sasa. Watu wengi hukipita kwa haraka ya kufika ng'ambo, na jioni wanakikuta kimefungwa.

## Hatua ya 5: Simama darajani usome mabawa

Usiruke hatua hii. Dakika tano tu za darajani zinakuonyesha kinu gani ukikimbilie na kipi ukiache.

Kinageuka chenye matanga au bila matanga? Mabawa ya kinu ni fremu ya mbao, na juu yake fundi hutandika tanga, sawa na jahazi. Upepo ukizidi, hukunja tanga. Kinu chenye matanga yaliyofunguliwa kinatafuta nguvu ya kazi. Kinachogeuka polepole mabawa matupu siku ya upepo mdogo huenda kinageuzwa tu ili mbao zisioze na vyuma visigande.

Hesabu. Shika saa, hesabu ni mabawa mangapi yanapita chini kwa dakika moja. Ukipata 60, kinu kinazunguka mara 15 kwa dakika, kwa sababu kila mzunguko una mabawa manne. Kati ya 60 na 80 kinu kiko kazini kwelikweli.

Kimesimama vipi? Mabawa yakisimama wima kama alama ya kujumlisha, kinu kimepumzika kwa muda mfupi na fundi huenda yuko ndani. Yakisimama kama herufi X, kimepumzishwa kwa muda mrefu. Kisha kuna mikao miwili ya kuzungumza. Ukiyatazama kutoka mbele, mabawa hugeuka kinyume cha mwendo wa mshale wa saa. Bawa la juu likisimamishwa kulia kidogo kabla ya kufika kileleni, ni mkao wa furaha: harusi, mtoto, sherehe. Likisimamishwa kushoto kidogo, limeshapita kilele, ni mkao wa msiba. Julai 2014, baada ya ndege ya abiria ya MH17, iliyobeba Waholanzi wengi, kudunguliwa, vinu kote nchini viliwekwa hivyo. Ukikuta mkao huo leo, jua kuna aliyefiwa, na ukiingia usianze na vicheko.

Tafuta bendera nyembamba ya buluu. Ikipepea kinuni, maana yake wageni wanakaribishwa. Hii itakufaa zaidi siku utakayopita vijijini, ambako kinu hakina kibao cha saa za kazi.

Ukiondoka darajani unajua ni kipi kinafanya kazi, na umepanga mfuatano wako, umefaulu.

## Hatua ya 6: Vipite vya mwanzo, anza na kinu cha mbao

Makundi ya watalii huingia kinu cha kwanza wanachokutana nacho. Wewe vuka daraja, fuata tuta la mto moja kwa moja, uvipite De Huisman, De Kat na De Zoeker hadi Het Jonge Schaap. Asubuhi kunakuwa na utulivu, na mafundi wa mbao huwa wanaandaa gogo la siku.

Jengo lenyewe ni la mwaka 2007. Kinu cha asili kilibomolewa mwaka 1942 na hiki kikajengwa upya kwa mfano wake. Lisikukatishe tamaa hilo. Kinapasua magogo kwa upepo kama kilivyofanya cha kwanza.

Usianze na msumeno. Anza nje, majini, ambako magogo yanaelea. Yanalowekwa ili utomvu utoke na mbao zisipasuke zikikaushwa. Kisha panda hadi sakafu ya kupasulia na ufuate nguvu kutoka juu kwenda chini: mhimili wa mabawa unazunguka, unazungusha gurudumu la meno ya mbao, gurudumu linazungusha krankshafti. Ni krankshafti ileile ya injini ya gari, ila hapa kazi yake imegeuzwa. Mzunguko unakuwa mwendo wa kupanda na kushuka, na fremu za misumeno zinapanda na kushuka nao. Kila fremu inaweza kufungwa misumeno kadhaa sambamba, kwa hiyo gogo moja linaingia zima na kutoka mbao nyingi kwa pasi moja.

Sasa angalia chini. Gogo limelala juu ya kitanda kinachotambaa, na kila msumeno unapofanya pigo, gurudumu lenye meno madogo linalisogeza gogo kidogo tu. Upepo ukiongezeka, msumeno unaharakisha na gogo linaharakisha nao, bila mtu kugusa kitu. Kaa hapo mpaka uone mvumo mmoja wa upepo ukipita ndani ya mbao. Sakafu inatetemeka, sauti inapanda, unga wa mbao unaongezeka, kisha vyote vinatulia pamoja. Mtu akiniuliza kwa nini nampeleka mbali hivi kuangalia mashine, ndiyo dakika hiyo.

## Hatua ya 7: Sheria za ndani, ambazo hazina msamaha

Vinu hivi ni mashine zilizo kazini, zenye vizuizi vichache kuliko ulivyozoea kuviona kiwandani.

Salimu kwanza, kabla ya kutoa simu. *Goedemorgen* inatosha. Ukitaka kupanda juu, omba: *Mag ik boven kijken?*

Ngazi ni kali, karibu wima. Unapanda ukiitazama, na unashuka vilevile ukiitazama, kinyumenyume, mikono yote miwili ikiwa imeshika. Anayeshuka akiipa ngazi mgongo kama ngazi za nyumbani ndiye anayeanguka. Mtoto ashuke akiwa na mtu mzima chini yake, si juu yake.

Kwenye baraza la nje ya kinu kirefu kuna milango miwili inayoelekeana, na si mapambo. Mabawa yakipita mbele ya mmoja, unatoka kwa mwingine. Mnyororo uliofungwa kwenye upande mmoja hauvukwi hata kwa picha. Chukua mabawa yenye upana wa mita 25 ncha hadi ncha, yakizunguka mara 20 kwa dakika: ncha ya bawa inapita kwa kasi inayozidi kilomita 90 kwa saa. Haivumi sana, ndiyo maana inadanganya.

Fundi akianza kugeuza kichwa cha kinu kuelekea upepo, kwa gurudumu la nyuma na minyororo, ondoka kabisa upande wa nyuma. Mnyororo huo unavutwa na uzito wa tani nyingi.

Kwa wazee au wenye magoti mabaya: msiwalazimishe ngazi. Kwenye De Zoeker na De Kat kazi kubwa inafanyika sakafu ya chini, na mtu anaiona yote bila kupanda.

## Hatua ya 8: Kinu cha mafuta, kisha cha rangi

De Zoeker kipe muda mrefu kuliko unavyodhani. Mchakato una hatua nne, na wageni wengi huingia katikati, wakasikia kishindo, wakatoka. Subiri mzunguko mmoja uanze na uishe.

Mbegu za kitani hupondwa kwanza na mawe mawili makubwa yaliyosimama wima, yanayozunguka kama magurudumu ya mkokoteni usiokwenda popote. Kisha unga wake unapashwa moto kwenye sahani ya chuma huku ukikorogwa, kwa sababu mafuta ya moto hutoka kirahisi. Unajazwa kwenye mifuko ya sufu. Mifuko inawekwa ndani ya gogo lililochongwa, na hapo kabari inapigiliwa: nguzo nzito ya mbao inainuliwa na upepo, inaachiwa, inaanguka juu ya kabari. Du! Tena. Tena. Hapa ndipo zile plagi za masikio zinapohitajika. Mafuta yanachuruzika chini taratibu, na mwisho nguzo ya pili inapiga kabari nyingine iliyogeuzwa, inayolegeza kila kitu. Ukiona mashudu yanatolewa kwenye mfuko, magumu kama kigae, umeuona mzunguko mzima.

De Kat ni jirani yake, na hakuna kinu kingine duniani kinachosaga rangi kwa upepo namna hii. Mawe ni ya mtindo uleule wa wima, lakini yanasaga chokaa, udongo wa rangi na mbao za miti ya kutia rangi. Ndani ni vumbi, basi mwenye pumu asikae sana. Humo panda juu kama umeruhusiwa, kwa ajili ya kitu kimoja: kuona meno ya mbao ya gia yakiumana karibu kimyakimya, kwa sababu yamepakwa nta ya nyuki.

Jambo dogo ambalo baadhi yetu tungependa kulijua: shingo ya mhimili mkubwa, juu kabisa nyuma ya mabawa, kwa desturi hulainishwa kwa mafuta ya nguruwe. Hayagusi unga, ambao unasagwa sakafu za chini zaidi, kati ya mawe. Ila ukipanda huko juu usiweke mkono kwenye mhimili, na kama jambo hili lina uzito kwako, muulize fundi; atakueleza bila kinyongo.

## Hatua ya 9: Kununua bila majuto

Pesa unayoacha hapa ndiyo inayonunua mbao za bawa linalofuata, kwa hiyo nunua. Lakini nunua ukijua.

Unga. Kinu cha nafaka cha upepo kina mawe mawili ya duara, la chini limetulia na la juu linazunguka. Ni kijaa kilichokuzwa. Unga wake unabaki na kiini cha mbegu, chenye mafuta, kwa hiyo unachacha mapema kuliko wa dukani. Uweke mahali pa baridi, uutumie ndani ya wiki chache. Kabla ya kununua, omba kuugusa unaotoka mdomoni mwa mawe. Uwe vuguvugu, usiwe wa moto. Wa moto umesagwa kwa pupa.

Mafuta ya kitani. Uliza kama ni ya kula au ya mbao, kwa sababu chupa hufanana. Ya mbao yana hatari moja ambayo lazima uijue: kitambaa kilicholowa mafuta haya kikikunjwa na kutupwa kinaweza kujipasha moto chenyewe hadi kuwaka. Kianike kikiwa kimetandazwa nje, au kiloweke kwenye maji kabla ya kukitupa.

Haradali ya De Huisman ni zawadi rahisi kubeba. Kama unarudi kwa ndege, chupa zote ziende kwenye mzigo mkubwa, zimefungwa mifuko miwili.

## Hatua ya 10: Picha, mwisho kabisa

Nimeiweka picha mwisho makusudi. Upepo wa kawaida wa nchi hii hutoka kusini-magharibi, na kinu hugeuzwa uso kuelekea upepo. Vinu viko ukingo wa mashariki wa mto, kwa hiyo siku hiyo vinatazama mtoni. Alasiri ya mapukutiko jua nalo liko kusini-magharibi, chini, la rangi ya asali. Rudi ng'ambo ya Zaandijk saa moja na nusu kabla ya jua kuzama, simama kando ya maji, jua likiwa nyuma yako. Uso wote wa kinu utakuwa umewaka.

Kama upepo ulitoka mashariki, utaona migongo yao. Basi piga picha asubuhi ukiwa upande wa vinu.

Ukiondoka, gusa kadi stesheni.

## Mambo yakienda vibaya

*Upepo umekufa ghafla.* Ingia hivyohivyo. Siku ya utulivu fundi ana muda wa kuzungumza. Kisha nenda makumbusho ya vinu ya eneo hilo, ukaone mifano midogo ya mashine zilezile.

*Mvua ya kutwa.* Geuza njia uende Leiden. Kinu cha De Valk, cha mwaka 1743, kiko karibu na stesheni, na ghorofa zake ni makumbusho. Utakaa ndani muda wote.

*Upepo hakuna wiki nzima.* Tafuta kinu cha maji. Kile cha Singraven, huko Denekamp mashariki ya nchi, kinaendeshwa na mto Dinkel. Kumbuka tu kwamba msimu huu majani huziba chujio la maji. Ukimkuta fundi na reki, msubiri amalize.

## Ukitaka kuutumia mwongozo huu kwingine

Kinderdijk, karibu na Rotterdam, ina vinu 19 na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997. Vinu vyake havisagi wala havipasui. Vilijengwa kupandisha maji kutoka mashamba yaliyo chini ya mto. Usitafute unga wala mafuta huko. Tafuta gurudumu la maji chini ya kinu cha makumbusho, na uende umevaa vizuri, kwa sababu tuta ni refu na halina kivuli wala kinga ya upepo. Usiiunganishe na Zaanse Schans siku moja. Nimeona waliojaribu, walichokiona ni vituo vya treni.

Schiedam, dakika chache kwa treni kutoka Rotterdam, ndiko viliko vinu virefu kuliko vyote vya jadi duniani. De Noord ina urefu wa mita 33.3 kabla hata ya kuhesabu mabawa, kwa sababu ilibidi vipande juu ya nyumba za mji kuufikia upepo. Huko hatua ya 5 ifanye ukiwa kando ya mfereji, na hatua ya 7 isome mara mbili: baraza ziko juu sana.